Msuli uliolegea au uliokazwa: upime upi unapousisimua ubongo?

Ukishika koili ya sumaku juu ya kichwa cha mtu, ukailenga sehemu ya ubongo inayoendesha mkono, kisha ukabonyeza kitufe, kidole chake kitaruka bila yeye kutaka. Mruko huo unaonekana kwa macho, ila watafiti hawautegemei. Hubandika elektrodi juu ya msuli na kusoma wimbi la umeme linalopita. Hadi hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza kwenye swali ninaloulizwa kila mara na vijana wa fiziotherapia wanaokuja Tanga kwa mafunzo ya vitendo, wale wenye nia ya kuendelea na shahada ya uzamili: mpimwaji awe amelegeza msuli huo, au awe anaukaza?

Kwa mwenye haraka, msimamo wangu ni huu. Mgonjwa aliyepooza upande, na misuli ya mguu kwa mtu yeyote, pima akiwa anakaza. Mtu mwenye afya na msuli mdogo wa mkono, pale unapotaka kujua kama zoezi au dawa imegusa ubongo wenyewe, anza na msuli uliolegea. Na kama huna namna ya kumwonyesha mtu ni kiasi gani anakaza, achana na habari ya kukaza kabisa, maana utakusanya takwimu ambazo hutaweza kuzitetea.

Mbinu yenyewe ina umri. Mwaka 1980 Merton na Morton wa Uingereza walionyesha kuwa ubongo wa mtu aliye macho unaweza kusisimuliwa kwa umeme unaopitishwa juu ya fuvu. Ilifanya kazi, lakini iliuma. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield wakaja na koili: mkondo mkali unapita ndani yake kwa muda usiofika milisekunde 1, unazaa uga wa sumaku wa tesla 1.5 hadi 2 hivi, na uga huo unapenya fuvu bila maumivu ya kusema. Ndani ya ubongo unazaa mkondo mdogo wa umeme, na seli zinaamka. Mbinu hii huitwa TMS kwa kifupi, na wimbi linalosomwa kwenye msuli huitwa MEP. Nitatumia vifupisho hivyo kwa sababu ndivyo utakavyokutana navyo kila utakaposoma.

Kabla hatujaendelea, jaribu kitu. Ukiwa umekaa barazani, Ngamiani au popote ulipo, na kikombe cha kahawa mbele yako, laza kiganja juu ya meza ili kikombe kikae kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Kwa mkono wa pili gusa ile nyama iliyo katikati ya vidole hivyo viwili. Ni laini. Sasa sukuma kikombe kwa ubavu wa kidole cha shahada, kuelekea gumba, kiasi cha kutomwaga kahawa. Nyama inavimba na kuwa ngumu. Huo ni mmoja wa misuli inayopimwa zaidi katika kazi hii, kwa kuwa uko juu juu, ubongo umeutengea eneo kubwa, na mtu yeyote anaweza kuukaza akielekezwa mara moja. Kukaza ninakokuzungumzia humu ni huko kusukuma kikombe, isipokuwa maabara mahali pa kikombe pana kipima nguvu, na mbele ya mtu pana skrini yenye mstari wa kufuata.

Nini kinabadilika mtu akikaza

Kwanza kizingiti kinashuka. Kwa msuli uliolegea, kizingiti ni nguvu ndogo kabisa ya mashine inayotoa wimbi la mikrovolti 50 angalau mara 5 katika mipigo 10. Kwa msuli uliokazwa kidogo, wengi hudai wimbi la mikrovolti 200 hivi, kwa sababu msuli unaofanya kazi tayari una umeme wake unaochachawa, na kijiwimbi cha 50 kingezama humo. Pamoja na kudai zaidi hivyo, bado mashine huhitaji nguvu ndogo kuliko msuli ulipolegea. Pili, wimbi hukua. Tatu, hufika mapema: kutoka kichwani hadi kwenye msuli wa mkono safari huchukua milisekunde 20 hadi 23 hivi, na mtu akikaza hupungua kwa milisekunde 2 hivi.

Sababu kubwa iko kwenye uti wa mgongo, kwenye seli zinazoamrisha msuli. Fikiria ngalawa: ikiwa juu ya mchanga mkavu huiondoi bila watu wengi, lakini maji yakishaipata, mtu mmoja anaisukuma. Msuli ukilegea, seli zile ziko mbali na kufyatuka, kwa hiyo agizo kutoka ubongoni lazima lirundikane kwanza. Mtu akikaza, baadhi zinafyatuka tayari na nyingi nyingine zimekaribia.

Hapa pana mtego unaowanasa hata watu waliokwisha kuchapisha makala. Ukikuta MEP imekua baada ya mafunzo ya wiki kadhaa, huwezi kusema moja kwa moja kwamba ubongo umebadilika. Ubongo wenyewe husisimka zaidi mtu anapokaza, ni kweli, lakini sehemu kubwa ya ukuaji wa wimbi hutokea chini. Mshiriki akikaza zaidi kidogo tu mara ya pili kuliko mara ya kwanza, umepata "mabadiliko ya ubongo" ambayo kumbe ni ya mkono.

Kulegeza si rahisi kama kunavyosemwa

Upande wa msuli uliolegea una mvuto wake. Huhitaji kipima nguvu, mtu hachoki, na maelekezo ni mafupi: kaa, tulia. Lakini kutulia nako ni kazi. Mtu anayekaa kwa mara ya kwanza chini ya mashine inayolia "ta!" juu ya sikio lake hujikaza bila kujua. Akiuma meno, MEP ya mkono inapanda. Akikunja ngumi ya mkono wa pili, inapanda. Hata akiwaza tu kwamba anasukuma kidole, inapanda. Kwa hiyo anayepima msuli uliolegea analazimika kutazama mstari wa umeme wa msuli kabla ya kila mpigo, kama vile anayepima uliokazwa, na kutupa kila kipimo ambacho mstari haukuwa shwari.

Isitoshe, mawimbi ya msuli uliolegea hayana msimamo. Nguvu ya mashine haikuguswa, koili haikusogea, na bado wimbi moja linakuwa dogo sana na linalofuata linazidi mara tatu. Ndiyo maana hupigi mpigo mmoja ukaondoka na jibu. Hupigwa 20 hadi 30 na kuchukua wastani, kwa nafasi ya sekunde 5 au zaidi kati ya mpigo na mpigo, tena nafasi zisilingane ili mtu asiukisie mpigo ujao. Msuli ukikazwa kwa kiwango kilichodhibitiwa, kuyumba huko kunapungua, na mipigo michache zaidi inatosha. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote upande wa kukaza, na sijui kwa nini hutajwa mwishoni.

Kukaza: kiasi gani, na kwa kipimo cha nani

"Dada, si nimwambie tu akaze kidogo?" kijana mmoja aliniuliza tukipitia andiko lake.

"Kidogo cha nani, mdogo wangu?"

Maana kidogo cha mvuvi wa Deep Sea, hapa Tanga, aliyevuta nyavu tangu utotoni si kidogo cha karani wa ofisini. Ndiyo sababu kwanza unamwomba kila mtu akaze kwa nguvu zake zote, mara mbili tatu huku ukimhimiza kwa sauti, unachukua kilele kilicho juu kuliko vyote, kisha unampa kazi ya kushika asilimia fulani ya kilele hicho. Kwa msuli ule wa kidole cha shahada, asilimia 10 inatosha. Kupanda zaidi ya hapo kwenye misuli midogo ya mkono hakuongezi wimbi sana, ila kunaongeza uchovu. Misuli mikubwa kama ule wa mbele ya mkono wa juu huendelea kukuza wimbi hadi viwango vya juu zaidi, kwa hiyo usichukue asilimia ya kidole ukaihamishia huko bila kujaribu.

Sasa, asilimia 10 ya nini? Hapa ndipo ninapowaomba vijana wasome taratibu. Unaweza kumpa mtu mstari wa nguvu, yaani kipima nguvu kinamwonyesha anasukuma kiasi gani. Au unaweza kumpa mstari wa umeme wa msuli wake mwenyewe. Mtu akiwa mpya na hajachoka, tofauti ni ndogo. Akianza kuchoka, njia zinaachana. Ukimshikilia kwenye nguvu ileile, umeme wa msuli utapanda polepole kwa kuwa ubongo unaita nyuzi nyingi zaidi kufanya kazi ileile, na MEP yako itakua kwa sababu hiyo. Ukimshikilia kwenye umeme uleule, nguvu itashuka, lakini walau seli za uti wa mgongo zitakuwa katika hali inayokaribiana wakati wa kila mpigo. Kwa utafiti wa uchovu mimi nachagua mstari wa umeme. Kwa utafiti wa kawaida, mstari wa nguvu unaeleweka haraka na mpimwaji, na hilo nalo lina thamani. Njia yoyote utakayochukua, pima umeme wa msuli katika milisekunde 100 zilizotangulia kila mpigo, na andika kiwango hicho kwenye matokeo. Makala isiyokuwa na namba hiyo huwa naisoma kwa jicho la pembeni.

Mtu asikaze mfululizo. Sekunde chache za kusukuma, mpigo mmoja, kisha mapumziko yanayozidi muda wa kusukuma. Akikaza kwa nguvu zote bila kuachia, MEP hukua na kimya kinachoifuata (nitakieleza hapa chini) hurefuka, na hapo unapima uchovu, ukitaka usitake.

Kimya, ambacho msuli uliolegea hauwezi kukupa

Mtu akiwa anakaza, baada ya wimbi la MEP umeme wa msuli hukatika. Mstari unalala chini kama vile mtu ameachia, wakati yeye anaapa kwamba bado anasukuma. Kwa misuli ya mkono kimya hicho huchukua milisekunde 100 hadi 200 na zaidi, kutegemea ukali wa mpigo. Sehemu yake ya mwanzo inatokana pia na uti wa mgongo. Sehemu ya mwisho inatokana na gamba la ubongo lenyewe kujizuia, na vipokezi vya GABA-B, vya kemikali inayotuliza seli za ubongo, vinahusishwa nayo. Uzuri wake ni kwamba urefu wa kimya hautegemei sana mtu anakaza kwa nguvu kiasi gani, ila unategemea sana nguvu ya mashine. Kwa hiyo hiki ni kipimo kinachokuvumilia pale ambapo mgonjwa hawezi kushika mstari vizuri. Kwa watu waliopata kiharusi, upande ulioathirika mara nyingi huonyesha kimya kirefu zaidi. Andika tu wazi kama unahesabu tangu mpigo au tangu wimbi lilipoanza. Watu wawili wanaweza kupishana milisekunde 20 kwa jambo hilo peke yake.

Mtu mwenye kiharusi

Hapa siwaachii nafasi ya kuchagua sana. Mkono uliopooza ukilegea, mara nyingi mashine hata ikipandishwa hadi mwisho haioni kitu. Je, njia kutoka ubongoni imekatika, au ni seli za chini zilizolala mno? Msuli uliolegea hauwezi kukujibu. Mwombe mgonjwa ajaribu kukaza, hata kama hakuna kinachosogea, na urudie. Wimbi likitokea, umejua kwamba njia ipo.

Hilo si jambo la maabara tu. Cathy Stinear na wenzake wa New Zealand walichapisha mwaka 2017 utaratibu unaoitwa PREP2 wa kubashiri mkono utarudi kiasi gani baada ya kiharusi. Siku ya 3 mgonjwa anapimwa uwezo wa kuinua mkono kutoka begani na kunyoosha vidole, kila kimoja alama 0 hadi 5. Jumla ikifika 5, TMS haihitajiki hata kidogo. Ikiwa chini ya 5, ndipo hutafutwa MEP, na kinachotazamwa ni kuwepo au kutokuwepo kwake, si ukubwa. Napenda utaratibu huu kwa sababu sehemu yake ya kwanza inafanyika kitandani kwa mikono mitupu, na mashine inabaki kwa wale tu ambao mikono haijatoa jibu.

Linabaki swali la kulinganisha mkono mzima na mkono mgonjwa. Asilimia 10 ya kila mkono kwa kilele chake? Au uzito uleule kwa mikono yote miwili? Asilimia 10 ya mkono dhaifu inaweza kuwa ndogo kiasi kwamba kipima nguvu kinaiona kwa taabu, na ndiyo inayolinganisha juhudi. Uzito uleule unalinganisha kazi, lakini kwa mkono dhaifu unaweza kuwa nusu ya nguvu zake zote. Ninachagua juhudi, yaani asilimia ya kila mkono, kwa sababu uzito uleule huwachosha wagonjwa na kuwatupa nje ya mstari. Wapo wanaopingana nami, nao wana hoja pale swali linapohusu kazi za mikono za kila siku.

Pembeni ya MEP

Ukubwa wa wimbi kwa milivolti haukuambii mengi peke yake. Elektrodi ikisogea kidogo, mafuta chini ya ngozi yakiwa mengi, namba inabadilika. Dawa yake ni kusisimua neva yenyewe kwa umeme, kwa msuli wetu ni neva ya ulna pale kwenye kifundo cha mkono, ukipandisha hadi wimbi lisikue tena. Hilo ndilo wimbi la juu kabisa ambalo msuli huo unaweza kutoa, na MEP huandikwa kama asilimia yake. Lipime msuli ukiwa katika hali ileile uliyopimia MEP. La kupumzika na la kukaza hayalingani.

MEP itakuwa ndogo kuliko wimbi hilo hata kwa mtu mzima kabisa wa afya, kwa kuwa maagizo kutoka ubongoni hayafiki kwa pamoja na mawimbi yake hufutana. Mbinu ya mipigo mitatu ya Magistris na wenzake, ya mwaka 1998, iliondoa tatizo hilo, ila ni kazi ya kliniki yenye vifaa kamili.

Kujua kama badiliko ni la ubongo au la uti wa mgongo kuna njia mbili. Refleksi ya Hoffmann, yaani kupiga neva kwa umeme na kusoma jibu linalorudi kwenye msuli kupitia uti wa mgongo, ni nafuu na haiumi sana, lakini inapita kwenye neva za hisia, kwa hiyo si kioo safi cha seli za chini. Umeme unaopitishwa kati ya mifupa ya nyuma ya masikio husisimua njia ileile ya kutoka ubongoni ikiwa imeshashuka, na ni kipimo bora zaidi, ila huuma. Mwanafunzi wa uzamili simshauri.

Na kama swali lako halisi ni iwapo mtu anauamrisha msuli kikamilifu, hata MEP huihitaji. Merton mwaka 1954 alipiga neva wakati mtu anakaza kwa nguvu zote na kutazama kama nguvu inaongezeka. Todd, Taylor na Gandevia mwaka 2003 wakafanya vivyo hivyo kwa mpigo wa ubongoni kwenye misuli inayokunja kiwiko. Kinachosomwa ni nguvu.

Mambo ya chumbani

Uga wa sumaku hudhoofika haraka kadiri koili inavyokuwa mbali na ubongo. Misuko minene au nywele za kuongezea huinua koili, na kizingiti kinapanda bila ubongo kuwa na hatia. Kwa akina mama wa pwani, mwambie mapema dada au mama unayempima kwamba pini za mtandio na vibanio vya chuma vitavuliwa, mpe mahali pa faragha, na awepo mwanamke chumbani. Ukimwambia akishakaa kwenye kiti, umeshamkosa. Mwenye kifafa, mwenye chuma ndani ya kichwa au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa sikioni hapimwi. Kila mtu avae vizibo vya masikio.

Joto la Tanga lina lake: jasho hulegeza elektrodi. Futa ngozi kwa spiriti, iache ikauke, na uangalie mstari kabla ya kuanza, ukitafuta mngurumo wa umeme wa ukutani wa hezi 50.

Koili ya duara inaamsha eneo pana, ya umbo la nane inalenga vizuri na ndiyo ya mkono. Eneo la mguu limejificha ndani, katikati ya pande mbili za ubongo, kwa hiyo tumia koili yenye mbawa zilizokunjwa, na mtu akaze. Msuli wa paja uliolegea mara nyingi hutoa wimbi dogo lisilofaa kitu.

Kwa anayeandika andiko la utafiti juu ya mkono baada ya kiharusi, sehemu ya mbinu naiona hivi: msuli wa kidole cha shahada, pande zote mbili, kukaza kwa asilimia 10 ya kilele cha kila mkono, kwa mstari wa nguvu kwenye skrini, mashine kwa asilimia 120 ya kizingiti cha kukaza, mipigo 20, mmoja kwa kila mkazo, vipimo ambavyo umeme wa milisekunde 100 za kabla umetoka nje ya kiwango vitupwe na idadi yake itajwe, MEP iandikwe kama asilimia ya wimbi la juu la neva, na kimya kihesabiwe tangu mpigo. Asiyeweza kukaza kabisa apimwe akijaribu, na matokeo yake yaandikwe kama kuna wimbi au hakuna. Kibali cha maadili kiombwe NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kabla ya yote, na usikisubiri ukiwa umeshanunua tiketi.